Vichwa vya Risasi Kwenye Maji ya Ukwaju

Nyumba ya wakwe zangu ilikuwa Kariakoo, karibu na soko, duka mbele na sisi nyuma. Baba mkwe alikuwa fundi bunduki. Watu hushtuka nikisema hivyo, kwamba Mhindu asiyekula hata yai alishinda akishika bunduki za watu, na mimi mwenyewe nilishtuka nilipoletwa pale kuolewa. Yeye alikuwa na jibu lake: hajawahi kuua kitu, anatengeneza chuma tu, na chuma hakina dhambi. Bunduki zenyewe hazikuwa nyingi. Siku nyingi alitengeneza stovu za mafuta ya taa na karabai, na leseni yake ya serikali ilining'inia ukutani ndani ya kioo, juu kidogo ya picha ya mungu wa kike wa baraka, jambo ambalo mama mkwe hakulipenda hata siku moja.

Mume wangu hakukaa nasi. Sitamtaja jina, na si kwa kuficha. Kwetu mke hakumwita mumewe kwa jina, na mimi sikuwahi kulitamka akiwa hai. Nikimhitaji nilisema, "Unasikia?" naye akageuka kama vile ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Ruvu, kwenye shamba la miwa alilokodi, akipika sukari guru. Miwa ilikamuliwa kwa kinu kilichozungushwa na maksai wawili aliowapenda kuliko alivyokubali kusema. Kando ya kinu alikuwa anajenga nyumba ya vyumba viwili. Miwa ikivunwa, nyumba itaezekwa, nami nitatoka jikoni kwa mama mkwe niende kuishi na mume wangu.

Hilo tu ndilo nililolitaka duniani. Tangu ndoa yetu nilikuwa nimekaa naye majuma machache, ya kuokoteza okoteza, kila alipokuja mjini kuuza. Siku nyingine zote nilikuwa wa mama yake. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, lakini alijua ugali wa nani umeungua hata kabla sufuria haijainuliwa, na aliweza kunyamaza kwa namna iliyokufanya uombe radhi bila kujua umekosa nini. Kuta za ua ule zilinikaba. Nilikuwa nikisikia king'ora cha karakana ya reli kule Gerezani nawaonea wivu wanaume wanaotoka kazini, maana wao angalau wana mahali pa kutoka.

Kilichosimama kati yangu na Ruvu kilikuwa nguruwe pori. Waliingia kwenye miwa makundi kwa makundi, wakala michache na kuangusha mingi. Mume wangu alikuwa na bunduki yenye kibali, aliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago. Ilikuwa bunduki ya kujipakia yenyewe: ukifyatua, inatema ganda tupu na kuingiza risasi nyingine bila wewe kugusa kitu. Ilifaa sana kwa nguruwe, ambao hawasimami wakungoje. Tatizo lilikuwa risasi. Ghasia za Kenya zilikuwa zimeifanya serikali iibane biashara ile, na risasi za bunduki hiyo hazikupatikana kwa urahisi hata kwa mwenye kibali. Basi baba mkwe alikuwa akikusanya maganda yaliyokwisha pigwa, anayajaza upya baruti na fataki, kile kidonge cha nyuma kinachoiwasha baruti, kisha anabandika kichwa kipya, yaani kile kipande cha mbele kinachoruka. Maganda alikuwa nayo. Baruti alikuwa nayo kwa leseni yake. Vichwa hakuwa navyo.

Mwaka ule, Diwali, sikukuu yetu ya taa na ya mwaka mpya, ikikaribia, alivipata Gerezani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Vilikuwa mabaki ya vita, vimeng'olewa kwenye risasi zake na kutiwa guniani, wala hakuna aliyejua vimepita mikononi mwa nani. Hamali alilishusha gunia dukani kwa mkokoteni, na baba mkwe alilifungua mbele yangu akiwa na furaha ya mtu aliyeokota. Vichwa vilikuwa vimeota kutu ya kijani na vumbi limegandamana juu ya kutu. Hewa ya bahari haisamehe shaba, mjini kwetu hata bawaba za milango zinalijua hilo.

"Vichafu hivi, Baba," nilimwambia.

"Uchafu si neno. Neno ni rangi." Alichukua kimoja akakisugua ncha kwa kidole gumba. "Katika vita walipaka ncha rangi, ili askari ajue ameshika nini. Kisicho na rangi ni cha kawaida. Chenye rangi kina mambo ndani. Kingine kinatoboa chuma, kingine kina moto, kinawasha chochote kinachogonga. Nimemwambia yule bwana vyenye rangi sivitaki, naye ameapa havimo. Lakini kiapo cha muuza vyuma nakijua. Nitavipitia kimoja kimoja kwa kitambaa, mchana, kwenye mwanga."

Hakuvipitia. Kesho yake homa ilimwangusha, ile homa ya kutetemeka inayomfanya mtu mzima ajikunje na kuomba blanketi katikati ya joto la Dar es Salaam. Alilala chumba cha mbele, na gunia likabaki uani, karibu na jiko.

Sasa lazima nieleze siku ile, kwa sababu nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Wiki ya Diwali nyumba ya Kihindu haibaki na kitu kichafu. Kuta zinapakwa chokaa, mikeka inakung'utwa, na vyombo vyote vya shaba vinashushwa na kusuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka ujione sura. Baraka haiingii nyumba yenye uchafu. Vyombo vya kazi vya baba mwenye nyumba navyo vinasafishwa, kwa sababu ndivyo vinavyotulisha. Mimi nilikuwa katika siku zangu za mwezi, na kwa desturi yetu sikuruhusiwa kugusa shaba wala chakula. Nilikaa mkekani karibu na mlango wa nyuma. Wanawake wenzangu wa wakati ule watanielewa nikisema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa likizo yangu ya pekee.

Nikiwa pale mkekani nilimwona mama mkwe akimaliza masinia, akimaliza madumu, akiisugua lota ya mume wangu, ile kopo ya shaba aliyonywea maji tangu utotoni, kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha mimi. Kisha akaliona gunia. Akalitazama kwa muda mrefu. Akachota vichwa kwa bakuli akavimimina kwenye karai la maji ya ukwaju, akaanza kuvisugua kwa majivu na kumbi la nazi, konzi baada ya konzi.

"Mama," nikasema, "hivyo ni vya Baba vya kazi."

"Ndiyo maana," akajibu. "Mwanangu anakuja kesho. Avikute vimeota ukungu? Mwaka mpya?"

 Maneno ya baba mkwe kuhusu rangi yalikuwepo kichwani mwangu, lakini yalikuwa maneno ya duka, na huyu alikuwa mama mwenye nyumba kwenye karai lake. Mkwe wa kike akikatazwa kugusa, hana sauti ya kufundisha watu kugusa. Alimwaga maji kwenye mfereji, akatia mengine, akasugua tena. Jua lilipokuwa linapinda vichwa vyote vilikuwa vimeanikwa kwenye ungo ule ule aliochambulia dengu, vinang'aa kama mapambo ya bibi harusi.

Mume wangu alifika kesho yake kwa treni, amekonda, amechomwa na jua, ananuka moshi wa kupikia sukari. Alinipita mlangoni kama desturi ilivyotaka, bila kunigusa, lakini aliangusha karibu na mkeka wangu kipande cha muwa alichokimenya mwenyewe. Niliutafuna ule muwa taratibu sana. Nikiambiwa nitaje furaha ya maisha yangu, nitautaja muwa huo.

Baba mkwe aliamka siku hiyo, bado dhaifu, akajikokota mpaka uani, akauona ungo. Alisimama.

"Umeviosha?" akamwuliza mkewe.

"Vilikuwa vichafu."

"Kulikuwa na rangi?"

"Rangi gani? Kutu tu."

Akamtazama kidogo, kisha akacheka. Yule mama alikuwa na macho ambayo hayajawahi kuacha jiwe kwenye dengu; katika miaka yote ya ndoa yao baba mkwe hakuwahi kutafuna kokoto. Akisema kutu, ni kutu. Naye mzee alikuwa mgonjwa, mwanawe amekuja, vichwa vinang'aa, na mtu akitaka jambo liwe sawa hulikuta sawa.

Wakakaa barazani baba na mwana kuvichagua. Nilikuwa nawaona kupitia mlango, migongo yao miwili inayofanana. Bunduki ya kujipakia, baba mkwe alieleza, ni kama mgeni anayechagua chakula. Bunduki ya kawaida unailisha kwa mkono, na ikikataa unailazimisha. Hii ikipewa kichwa kilichopinda hata kidogo, inakabwa, na nguruwe yuko hapo mbele yako. Basi waliviringisha kila kimoja juu ya kipande cha kioo, kilichoyumba kikatupwa. Vilivyobonyea vikatupwa. Kisha baba mkwe akaazima mizani ya sonara jirani yetu, na wakapima.

Hapo ndipo alipokunja uso. Vingine vilikuwa vyepesi kuliko vingine. Si sana, lakini mizani ya dhahabu haifichi.

"Viwanda vya vita," akasema mume wangu. "Kila mtu na haraka yake."

"Labda," akasema baba mkwe. Alikishika kimoja chepesi, akakigeuza geuza kwenye jua. Kilikuwa safi pande zote. Akatikisa kichwa, akavitenga: vizito kwenye kopo la biskuti, vyepesi kwenye kopo la majani ya chai, ili kila fungu lipige sawasawa. Mjini hapakuwa na mahali pa kufyatulia kujaribu. Juma lile akavijaza vyote, na mwanawe alipoaga akamwambia, "Anza na vyepesi. Kwa nguruwe vinatosha. Vizito weka akiba."

Mume wangu alikuja nyuma kuniaga. Mama yake alikuwa sokoni. Alinishika mkono, mchana kweupe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Mvua za vuli zikianza tutakuwa tumeshavuna," akasema. "Umeshapanga utabeba nini?"

"Unasikia?" nikamwambia. "Mimi niko tayari kuja hata mikono mitupu."

Akacheka, akaenda stesheni.

Aliyeleta habari alikuwa nyapara wake, mtu mzima kutoka Songea, aliyezoea kupiga hodi kwetu kila alipoleta sukari. Safari ile alipiga hodi mara moja tu, akasimama dukani na kofia mkononi. Nguo zake zilinuka moshi, nami nikafurahi kwa sababu nilidhani ni harufu ya mume wangu.

"Shikamoo, Mzee," akamwambia baba mkwe, ingawa huenda walikuwa rika moja.

"Marahaba. Bwana wako hajambo?"

 Nyapara akaanza mbali, kama watu wanavyofanya wakibeba mzigo wa namna ile. Nguruwe waliingia asubuhi, akasema. Bwana akapiga, risasi ikamkosa nguruwe, ikagonga mawe ya ukingoni mwa shamba. "Pale pale pakatokea moto, Mzee. Sijaona risasi ya namna hiyo tangu nizaliwe. Majani yalikuwa makavu. Upepo nao ukaja. Tukasema tukimbie mtoni, tukakimbia wote, na bwana tulikuwa naye. Akauliza, maksai wamefunguliwa? Hakuna aliyewafungua. Walikuwa wamefungwa kinuni. Nikamwambia, bwana, ng'ombe watanunuliwa wengine. Akaniangalia kama nimemtukana. Akarudi."

Hakumaliza, wala hatukumwambia amalize. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Sikusikia akilia. Nilichosikia ni bangili zangu mwenyewe, zile ambazo mjane wa kwetu huzivunja, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuzigonga ukutani kabla hata mtu hajaniambia.

Nyapara alileta na kopo la majani ya chai. Lilikuwa limebaki mfukoni mwa koti ambalo mume wangu alilivua kwa ajili ya joto. Siku za matanga zilipopungua wageni, baba mkwe alilichukua kopo lile akakaa nalo uani na kioo chake cha kukuzia. Alikaa muda mrefu. Kisha akaniita. Kwenye mfuo mwembamba unaozunguka ncha ya kichwa kimoja, mahali ambapo kumbi la nazi halikufika, palikuwa na uzi wa rangi ya buluu.

 Hakuhitaji kunieleza ni nini. Alitazama jikoni, mkewe alikuwa amegeuka, anapepeta mchele.

"Mama yako asijue," akasema. "Mimi nitakufa na hili, na wewe utanisaidia."

Nikakubali kwa kichwa. Sikukubali kwa moyo. Nilitaka kupiga kelele mpaka soko zima lisikie. Nilitaka kumshika yule mama mikono yake safi na kumwonyesha. Badala yake nilivaa nyeupe ya ujane, nikarudi jikoni mwake, nikakaa. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki, kaka zangu walikuwa na wake zao, na mjane wa umri wangu hakuwa na mbele wala nyuma. Ile nyumba niliyotamani kuikimbia ndiyo iliyobaki kuwa yangu.

Baba mkwe aliacha kazi ya bunduki, akabaki na stovu. Kila mwaka, Diwali ikikaribia, mama mkwe alishusha vyombo, akaloweka ukwaju, akasugua. Kila mwaka baba mkwe alikumbuka safari ya ghafla, akaondoka asubuhi na kurudi jioni, vyombo vimeshapangwa. Mimi sikuwa na pa kwenda. Nilimchotea mama mkwe maji nikimchukia. Nasema wazi: nilimchukia. Niliona anavyoisugua lota ya mwanawe mpaka inawaka, nikajisemea, huyu mama hajui, hana habari, Mungu amempa usingizi aliotunyima sisi. Na tulimlinda, mimi na mzee, kwa kunyamaza kwetu. Tulijiona wema.

Baba mkwe alifariki akiwa usingizini, kwa homa nyingine. Diwali iliyofuata tulikuwa wajane wawili katika nyumba isiyo na mtu wa kumwashia taa. Nikamwambia mama mkwe, "Mwaka huu tuache vyombo. Nani atakuja kuviona?"

"Leta ukwaju," akasema.

Nikaleta. Akakaa na karai lake, nami nikakaa mbele yake, kwa mara ya kwanza bila kuambiwa. Alianza na lota. Alisugua upande mmoja, akachovya, akayatazama maji yaliyokuwa yanageuka kijani chafu.

"Kutu ya shaba ndiyo hii," akasema, hakuinua uso. "Nimeisugua tangu nikiwa na meno ya utoto. Haiwi buluu. Siku ile maji yalikuwa buluu. Nilisema labda ni kutu ya Ulaya. Mzee akaniuliza kama kuna rangi, nikasema kutu tu, kwa sababu nilikuwa nimeshayamwaga, na niliona aibu kusema sijui."



"Ulijua lini?" nikamwuliza.

"Nyapara aliposema moto ulitoka kwenye risasi. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Miaka yote ile. Nilitazama mikono yake, ile niliyotaka kuishika na kuionyesha, ilikuwa imekauka na kupasuka kwa majivu.

"Sasa kwa nini umekuwa ukisugua?" nikamwuliza. "Kila mwaka, mbele ya macho yetu?"

"Ningeacha, mzee angejua kwamba najua. Alikuwa anajitahidi sana nisijue. Ilikuwa kitu pekee alichobaki nacho cha kunipa."

"Mzee ameshakufa, Mama."

"Ulikuwa umebaki wewe," akasema.

Akaitua lota chini, upande mmoja unang'aa, upande mwingine mweusi. Akanyanyuka kwa kushika goti, akayamwaga maji kwenye mfereji, akaingia ndani kulala ingawa ilikuwa mchana. Hakusugua tena kitu chochote mpaka alipokufa, na mimi pia sijasugua.